Moto wa Obare

"Kila anayekufa hapa anaenda na mti wake," Nyamoita alisema, "na sisi tuliobaki tutapikia nini? Mifupa?"

Alikuwa ameketi juu ya mzizi wa mti wa ober, miguu ameinyoosha mbele, panga limelala mapajani, kama mtu aliyefika kwake na hana haraka. Mbele yake alisimama shemeji yake Boaz, mtoto wa baba mkubwa wa mumewe Obare, na nyuma ya Boaz vijana wawili wameshika msumeno mrefu, mmoja kila upande. Mvua ya asubuhi bado ilidondoka kutoka kwenye majani. Chini ya mzizi huo maji ya chemchemi yalikuwa yanatoka kwenye mwamba kama kawaida yake, hayana habari na ugomvi wa mtu.

"Toka hapo, nyar Kuria," Boaz alisema. Hilo ndilo jina walilompa huku ukweni, binti wa Wakuria, na kwa miaka mingi lilikuwa jina la mapenzi. Siku hiyo halikuwa. "Baba yangu amelala nyumbani bila moto. Wageni wanatetemeka. Unataka nichome nini, magazeti?"

"Tafuta mti mwingine."

"Mwingine uko wapi? Wewe ndiye unalala huku msituni. Nionyeshe."

Boaz alisema kweli. Kwa Waluo, mwenye boma akifa, uani huwashwa moto mkubwa uitwao magenga, na waombolezaji hulala kando yake mpaka mazishi yapite. Moto huo hautaki vijiti. Unataka gogo la kuwaka mchana na usiku bila kuchoka. Zamani, mzee mmoja akifa msimu huu na mwingine msimu ujao, msitu wa kilima cha Oseno haukuhisi kitu. Lakini huo ulikuwa mwaka wa 1996, na kutoka Karungu ziwani mpaka huku kilimani kila ukigeuka ni matanga. Vijana walirudi kutoka Nairobi wamebaki macho. Wavuvi, walimu, akina mama wa sokoni, wote waliondoka, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Walisema tu fulani ana kifua. Mbao za majeneza zilitoka Oseno. Magogo ya moto yalitoka Oseno. Askari wa msitu mwenyewe alikuwa na msiba kwao, angemkataza nani?

"Huu mti ndio umeshika haya maji," Nyamoita alisema. "Ukiuangusha, mkeo Risper atachota wapi? Utamchimbia kisima na huo ulimi?"

Vijana wa msumeno waliangalia chini ili wasicheke.

"Baba yangu alikupa ng'ombe wa maziwa ulipojifungua," Boaz alisema polepole. "Leo unamnyima kuni."

Hilo lilimwingia. Aliinuka, akajipangusa sketi, akasema hatamnyima. Nyuma ya jikoni kwake kulikuwa na lundo la kuni kavu, amezikusanya wiki hadi wiki kwa ajili ya wateja wake wa Karungu. Boaz azichukue zote. Azichukue bure. Lakini huu mti auache.

Boaz alizichukua. Ziliwaka vizuri usiku wa kwanza, moto ukaruka juu mpaka watu wakasogeza viti nyuma. Kuni kavu zina sifa moja na kasoro moja, nayo ni ile ile: zinawaka haraka. Usiku wa pili vijana walikuwa wanakimbia huku na huko kutafuta vijiti. Wa tatu moto ulikuwa jivu jekundu, mvua ikanyesha, wageni wakahamia ndani na kulaliana kama magunia. Mtu mmoja kutoka upande wa Homa Bay alisema kwa sauti ya kusikika kwamba moto wa mzee huyu unatosha kuchemsha chai. Watu walicheka kidogo, wakaacha. Boaz alisikia. Mkewe Risper alisikia pia, yeye aliyekuwa anaichemsha hiyo chai.

Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili zilisalimiana kwa kichwa tu.

Nyamoita huyu hakuzaliwa na msitu. Kwao ni karibu na Isebania, nyika za ng'ombe na mashamba ya tumbaku, na alipokuwa msichana alikuwa anauza ndizi kando ya barabara ambapo malori yalisimama kabla ya kuvuka kwenda Sirare. Obare alikuwa tanboi wa lori la samaki. Alinunua ndizi, akarudi kununua nyingine, na siku aliponunua mkungu mzima Nyamoita alimwuliza kama ameanza kufuga nyani. Walizungumza Kiswahili kwa sababu yeye hakujua Kijaluo na Obare hakujua Kikuria, na hata baada ya kuoana waliendelea nacho nyumbani. Wakwe walisema hiyo ni nyumba ya polisi, watu wanaongea kama wako kituoni.

Mwaka wake wa kwanza huku alipikia mabua na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Mama mkwe wake, mama yake Obare, alimwona macho yamekuwa mekundu kwa moshi, akamshika mkono akampeleka Oseno. Ndiye aliyemfundisha. Kwamba kuni zilizokufa zinachukuliwa kwa siku maalumu, kwa ruhusa ya askari wa msitu, na shoka haliingii, panga tu. Kwamba ukiona gogo kavu limeanguka na huwezi kulibeba leo, unalifunga fundo la nyasi, na fundo hilo ni kama jina lako. Mwanamke mwingine ataliruka hata kama watoto wake wamelala njaa. Kwamba gome la mti wa powo linatoa kamba, na kwamba nyasi za paa hukatwa upande jua linakotua, si ule mwingine, kwa sababu za upande ule mwingine zina mchwa.

Nyamoita alishika haya yote, halafu akaongeza lake. Aligundua kwamba wanawake wa Karungu wanaokausha mbuta kwa moshi hawatafuti kuni za aina yoyote tu. Kuni mbaya hufanya samaki awe mchungu, na samaki mchungu hanunuliwi mara mbili, mteja anahama. Akaanza kuwachagulia. Alishuka na mzigo kichwani, kata ya majani ya mgomba chini yake, na Mellen, mwanamke mnene aliyekuwa na matanuri makubwa kuliko ya wengine pale ufuoni, alikuwa anapokea mzigo kabla haujafika chini.

"Huyu Mkuria ananiletea kuni zimeoga," Mellen alikuwa anawaambia wengine. "Nyinyi mnaniletea miiba."

Kwa mzigo huo nyumba ilisimama. Obare alikuwa barabarani, mara ana kazi, mara lori limeharibika. Kuni hazikuwahi kuharibika. Watoto wakitoka kwenda shule asubuhi, Nyamoita alikuwa anawatazama kwa nyuma na kusema, "Ile sare ni kuni, vile viatu ni kuni, na ule uchafu wa shingoni ndio wa kwenu." Paa lilitoka Oseno, dawa ya kikohozi ilitoka Oseno, na mwaka wa ukame ng'ombe wa kijiji chote walilala Oseno. Na kuna lingine ambalo waume hawakulijua. Kule msituni ndiko wanawake walikosemea. Nyumbani kuna mama mkwe, mtoni kuna watoto, sokoni kuna masikio. Chini ya ober, mitungi ikijaa polepole, mtu aliweza kutoa la moyoni, wengine wakamcheka au wakamlilia, akarudi nyumbani mwepesi.

Kwa hiyo alipokaa juu ya ule mzizi mbele ya Boaz, hakuwa anatetea kivuli.

Mwaka uliofuata Obare alirudi kutoka safari akasema amechoka. Alipumzika wiki, akasema bado. Kufikia katikati ya mwaka suruali yake ilikuwa inashikiliwa na kamba ya powo, na alikuwa anaifanyia mzaha mwenyewe.

"Umenifunga kama mzigo wako," alimwambia mkewe.

"Mzigo wangu huwa mzito," Nyamoita alijibu. "Wewe upepo unaweza kukupeleka Tanzania."

Walicheka, kisha Obare akakohoa mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Alimpeleka Homa Bay hospitali, akamrudisha, akampeleka tena. Nauli, dawa, maziwa, vyote vilitoka kichwani kwake, mzigo baada ya mzigo. Mellen alikuwa anachukua kila alicholeta. Lakini kuni kavu zilikuwa zimeadimika. Misiba ilikuwa imezila, na yale mafundo ya nyasi yalikuwa hayaheshimiwi tena. Mtu alifunga gogo jioni, asubuhi alikuta fundo liko chini na gogo limeondoka. Nyamoita alipanda juu zaidi kila siku, akaokota mpaka vile vidogo vya kuwashia. Mwezi wa kumi, mvua ile kubwa iliyoitwa El Ninyo ilipoanza, aliuza lundo lake la mwisho ili Obare aende Homa Bay mara nyingine. Nyuma ya jikoni palibaki udongo na maganda.

Obare alifia nyumbani, asubuhi, mvua inanyesha. Alikuwa ameomba maji. Aliyanywa kidogo, akasema ni ya baridi, ya chemchemi haya, akageuka upande.

Watu walikuja na mvua yao. Kutoka Isebania alikuja kaka yake Nyamoita, Gisiri, na wazee wawili wa Kikuria wamejifunika mablanketi. Kutoka Homa Bay wakaja watu wa lori. Kutoka Karungu wakaja wanawake wa samaki, na Mellen mbele yao na kreti ya soda. Turubai lilifungwa uani. Jioni walijaribu kuwasha moto. Walileta vipande vya boriti, mlango wa zizi, mabua. Vilitoa moshi, vikalia, vikazima. Mtu akamwagia mafuta ya taa. Moto ukaruka, ukaangalia watu, ukafa. Giza likawa giza kweli, na ndani yake mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mitupu.

Boaz alikuja akasimama mlangoni mwa nyumba. Hakuingia. Nyamoita alimwona, na alijua alichokuja kusema. Alimngojea akiseme, ili apate la kumjibu. Boaz hakukisema.

"Msumeno uko kwangu," alisema tu. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Utaniambia."

Afadhali angetukana. Nyamoita angejua la kufanya na tusi. Alitazama uani. Wazee wa kwao walikuwa wamejikunyata chini ya turubai, na kwa kuwa kwao hawana desturi hii hawakuuliza kitu. Lakini watu wa Homa Bay walikuwa wanauliza, kwa sauti ya chini, kama huyu marehemu hakuwa na ndugu. Alifikiria wanawake wa chemchemi. Alifikiria maneno yake mwenyewe, kila anayekufa na mti wake. Yalikuwa maneno mazuri, yalizunguka kijiji kizima, watu waliyarudia mpaka sokoni.

Mama mkwe aliinua uso. "Nyar Kuria," alisema, kwa Kijaluo, ambacho Nyamoita sasa alikisikia vizuri kuliko alivyotaka. "Mtoto wangu atalala gizani?"

Kule msituni, mwanamke huyu ndiye aliyemshika mkono.

"Kateni," Nyamoita alisema.

Boaz aliendelea kusimama, kana kwamba hakusikia. Pengine alikuwa amejitayarisha kukataliwa, na sasa hakujua aweke wapi mikono yake.

"Nimesema kateni. Unataka nikushikie msumeno?"

Waliukata asubuhi, ukiwa umelowa. Alisikia ukianguka, alikuwa jikoni, sufuria za watu wengine mbele yake. Mellen aliweka kijiko chini. Hakuna aliyemtazama Nyamoita. Kisha mmoja akauliza chumvi iko wapi, na kazi ikaendelea.

Mwanzoni gogo lilikuwa bichi, likatoa mvuke tu. Lakini lilipopata joto tumboni halikuuliza mvua tena. Liliwaka siku zote za matanga, zito, jekundu, bila kelele, na matone yakilifikia yalipiga mlio mdogo yakapotea. Watu wa lori walisema hawajaona magenga kama hayo mwaka mzima. Walilala kando yake, wakaimba, wakasimulia mizaha ya Obare ya barabarani. Mama mkwe alisogeza mkeka wake karibu na moto, akalala usingizi. Obare alizikwa kama mtu. Hilo hakuna awezaye kulisema vingine.

Moto wa baba yake Boaz nao watu waliukumbuka siku hizo. Hawakusema mbele ya Nyamoita. Walisema alipotoka.

Mvua haikwisha. Desemba ilipita, Januari ikaingia, bado inanyesha. Mizizi ya ober ilikuwa imeshika ukingo ule kwa miaka ambayo hakuna aliyeijua. Sasa ilikuwa imekufa, na usiku mmoja ukingo uliachia. Asubuhi waliokwenda na mitungi walikuta tope limejaza bonde, mawe juu yake, na kisiki chenyewe kimepinduka kichwa chini. Wanaume walichimba kwa majembe siku tatu nne hivi. Walipata tope zaidi. Maji yalikuwa mahali fulani huko ndani, yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo haikuwa ya kijiji.

Sasa maji ni mtoni, chini kabisa, njia ya mawe na utelezi, na mto wenyewe mwekundu kwa mafuriko.

Nyamoita hakuweza kwenda. Mila ya hapa inasema mjane haingii boma la mtu wala hachoti na wengine mpaka wazee wamfungue, na wazee walikuwa na wajane wengi kwenye foleni. Watoto wake walikuwa wamechukuliwa na Gisiri wakasome Isebania mpaka mambo yatulie. Mama mkwe alikuwa wa kukaa tu, miguu haimbebi tena. Siku ya kwanza alikinga mvua kwa sufuria. Siku ya pili jua lilitoka, kwa uchokozi, na sufuria ikabaki tupu.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mtungi wa maji nje ya lango lake. Alijua ni wa nani, maana ulikuwa na kifuniko cha gunzi la mahindi kilichofungwa kitambaa cha kanisa. Risper ni Msabato. Mambo ya mjane kufungwa na kufunguliwa hayamtishi. Alikuwa anauweka chini, anachukua ule mtupu wa jana, anaondoka. Hakupiga hodi. Nyamoita aliposema asante kutoka ndani ya ua, Risper alisema "Haya," kama anavyomwambia mtu aliyempisha njiani. Ijumaa alileta miwili, kwa sababu Sabato habebi.

Nyamoita, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Isebania, aliuingiza mtungi ndani. Alipika kwa maji hayo. Alimwogesha mama mkwe kwa maji hayo. Kila alipoyamimina aliona njia ile ya mawe, na Risper juu yake, na mguu wake wa kushoto ambao tangu zamani haukuwa mzuri.

Wazee walimfungua mwezi wa tatu. Kesho yake, kabla hajafanya lingine, alichukua mtungi mkubwa akashuka mtoni. Alikuwa amezoea kuni, ambazo zikikuelemea unazitupa chini na kukaa juu yake. Maji hayatupwi. Alipumzika mara nyingi, akipandisha na kulaani kimyakimya, akafika kwa Boaz blausi imelowa mgongoni.

Risper alikuwa jikoni anachambua omena. Alimwona, akasogeza ungo.

"Nimeleta maji yako," Nyamoita alisema.

"Maji yangu gani?"

"Yale."

"Ulikuwa unayaandika?"

"Sikuandika. Lakini najua si huu mtungi mmoja. Nitaleta mengine kesho, na kesho kutwa, mpaka uniambie yatosha."

Risper aliendelea kutupa vichwa vya omena pembeni. "Unajua mimi nilifikiri nini, nikiyabeba?" alisema. "Nilifikiri nitakuja nikwambie. Kila siku njiani nilipanga maneno. Kwamba ulimnyima mzee wetu, ukampa wa kwako. Kwamba sasa tunapanda hii milima yote kwa ajili yako. Nilikuwa na maneno matamu sana, nyar Kuria, yangekuchoma."

"Sema basi."

"Nikifika kwako nimechoka. Pumzi ya kutukana inatoka wapi?"

Nyamoita aliutua mtungi. Alikaa kwenye kigogo cha kukalia, bila kualikwa.

"Ni kweli yote," alisema. "Mama alikuwa amekaa gizani. Sikuweza. Boaz naye hakuweza, na mimi nilimkatalia."

"Boaz atajisemea mwenyewe. Huyo bado hajamaliza na wewe, na mimi simsemei." Risper aliinuka, akashika mtungi kwa mikono miwili, akaumimina kwenye chungu cha kona. Ulipofika nusu akaacha. Aliurudisha mbele ya Nyamoita, maji yaliyobaki yakicheza ndani.

"Nusu hii yangu. Hii mpelekee mama yenu akaoge. Na kesho usiniletee tena, yameisha."

"Hayajaisha, Risper. Nusu mtungi si—"

"Nimesema yameisha. Ni maji yangu ama ni yako?"

Nyamoita alitafuta jibu kali, kwa mazoea tu. Akaliacha. Alisogeza ungo wa omena katikati yao, akaanza kuchambua upande wake.